Fundi wa Jiko la Nyama Choma na Tanuri la Moshi: Utampata Wapi?

"Nina uwanja nyuma ya nyumba, matofali yapo, hela kidogo ipo. Nani atanijengea jiko la kudumu la kuchomea nyama, lenye pia sehemu ya kukaushia kwa moshi?"

Swali hili linaulizwa sana katika wilaya za Ngara na Biharamulo. Anauliza mwenye mgahawa pale Nyakanazi, ambako malori yanayokwenda Rwanda na Burundi yanasimama usiku kucha na madereva wanataka nyama ya moto. Anauliza mstaafu aliyerudi Rulenge akataka mahali pa kuwakirimu wanawe wakija Krismasi. Anauliza na mama anayenunua samaki Chato na kuwauza Biharamulo mjini, ambaye kila wiki sehemu ya mzigo wake inaharibika kabla haijapata mteja.

Jibu langu huwa linawashangaza kidogo. Ukizunguka ukitafuta mtu mwenye jina la "fundi wa majiko ya nyama choma" utachoka bure. Lakini ujuzi wote unaohitajika upo hapahapa, tena mwingi. Tatizo ni kwamba umegawanyika kwa watu watatu ambao mara nyingi hawajawahi kufanya kazi pamoja. Kazi yako wewe mwenye uwanja ni kuwakutanisha. Sura hii inaeleza namna ya kuwapata, namna ya kuwapima, na namna ya kupatana nao ili usiishie na rundo la matofali yaliyopasuka.

Kwanza ujue unataka nini

Wengi wanampa fundi picha ya kwenye simu na kumwambia, "Nijengee kama hii." Picha haimwambii fundi kitu cha maana zaidi, nacho ni njia ya joto. Hapa kuna vitu viwili tofauti.

Cha kwanza ni jiko la kuchomea. Makaa yapo chini, nyama iko juu ya wavu, joto linapanda moja kwa moja. Ndivyo tunavyochoma mbuzi, mishikaki na ndizi. Jiko la namna hii ni kuta tatu za matofali, jamvi la kuwekea makaa, na wavu. Upande wa nne uko wazi kwa mchomaji.

Cha pili ni tanuri la moshi. Hapa chakula hakikutani na makaa. Moto unawaka kwenye chumba chake kidogo pembeni au chini, moshi na joto vinapita kwenye chumba cha pili chenye chakula, kisha vinatoka kwa dohani, yaani bomba la kutolea moshi. Joto ni la chini na kazi ni ya saa nyingi. Wamarekani wa Texas wanapika kidari cha ng'ombe kwa namna hii kwenye nyuzi joto kati ya 110 na 130, tangu alfajiri hadi jioni, mpaka nyama ngumu inachambuka kwa vidole. Kwa samaki mambo ni mepesi zaidi: wanaanza na joto dogo ili maji yatoke taratibu, kisha joto linapandishwa hadi nyama ya ndani iive.

Kuna aina moja ya tanuri la moshi ambayo napenda kila mtu wa huku aifahamu. Inaitwa Chorkor, kwa jina la kijiji cha wavuvi karibu na Accra, Ghana, ambako ilibuniwa pamoja na akina mama wakaushaji wa samaki mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni sanduku la matofali au udongo lenye vyumba viwili vya moto chini. Juu yake zinapangwa chanja, yaani fremu za mbao zenye wavu wa kulazia samaki, moja juu ya nyingine, na hizo chanja zenyewe ndizo zinazokuwa kuta za chumba cha moshi. Halina gharama kubwa, halihitaji dohani ndefu, na kuni zinazotumika ni chache kuliko zile za kukaushia kwenye kichanja kilicho wazi. Baadaye, kituo cha mafunzo cha Thiaroye nchini Senegal kikishirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kililiboresha kwa kuongeza trei ya kukinga mafuta yanayodondoka.

Trei hiyo ni ndogo kwa kuitazama lakini ina sababu nzito. Mafuta ya samaki au nyama yakidondokea kwenye moto yanatoa moshi mweusi wenye kemikali zinazoganda juu ya chakula, na baadhi yake zinahusishwa na saratani. Kwa hiyo unapompa fundi maelezo, anza na hili: mafuta yasidondokee kwenye moto wa tanuri la moshi. Mengine yatafuata.

Mikono mitatu

*Mchoma matofali.* Huyu ndiye ninayemtanguliza, ingawa watu wengi wanamsahau wakishanunua matofali yake. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kikifika, mabondeni kote Ngara na Biharamulo utaona matanuri yakifuka. Mtu anayepanga maelfu ya matofali mabichi, akaacha mahandaki ya kuni chini, akakandika nje kwa udongo, kisha akalinda moto huo siku kadhaa mchana na usiku, anaujua moto kuliko fundi yeyote wa nyumba. Anajua hewa iingie wapi. Anajua moshi mweupe mzito maana yake maji bado yanatoka, na kwamba kuharakisha kuni wakati huo ni kupasua tofali.

Kwake unatafuta vitu viwili: ushauri, na matofali ya kuchagua. Matofali ya tanuri moja hayafanani. Yale ya pembezoni yana rangi ya chungwa iliyopauka, hayakuiva. Yale yaliyogusana na handaki la kuni yameiva sana, mengine yamekunjamana na kuwa meusi kama yalitaka kuyeyuka. Unayoyataka ni ya katikati, mekundu sawasawa. Chukua mawili, moja kila mkono, uyagonganishe. Lililoiva linalia kwa sauti kali ya juu. Lisiloiva linatoa mgoto mfu, na kona yake inabaki mkononi mwako kama vumbi. Kisha litumbukize moja kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Likiamka zima na gumu, nunua.

*Mwashi.* Huyu ndiye fundi wa kujenga, mwenye mwiko, kamba, timazi na pima maji. Wako wengi na wengi ni hodari. Wasiwasi wangu kwa waashi ni mmoja tu: wamezoea kujenga nyumba, na nyumba haiwashwi moto. Mwashi mzuri wa nyumba atakujengea jiko zuri kwa macho akitumia mchanga na saruji kila mahali, na baada ya miezi michache viungo vya pale karibu na makaa vitaanza kumwagika unga. Si kwamba alikuibia saruji. Saruji iliyoshika ina maji yaliyofungwa ndani yake, na joto likipita nyuzi 400 hivi maji hayo yanaanza kutoka na mshiko unavunjika. Makaa yaliyokolea yanapita nyuzi 600 bila shida.

Kwa hiyo mahali pa moto panajengwa kwa udongo. Na udongo bora tulio nao ni wa kichuguu. Mchwa wameshachambua chembe laini za mfinyanzi na kuzipandisha juu, na ndiyo maana udongo huo unanata. Ukiwa peke yake unapasuka ukikauka, hivyo unachanganywa na mchanga na majivu au nyasi zilizokatwakatwa. Sikupi kipimo maalumu kwa sababu kichuguu cha Nyakahura si sawa na cha Murgwanza. Fanya hivi: finyanga madonge manne yenye viwango tofauti vya mchanga, yaanike kivulini siku tatu. Linalopasuka lina mchanga mdogo mno, linalomomonyoka kwa kidole lina mwingi mno. Chagua lililo kati.

*Fundi wa kuchomelea vyuma.* Atatengeneza wavu, mlango wa chumba cha moto, trei ya mafuta na kifuniko cha dohani. Kwake nina katazo moja kali. Asikutengenezee wavu wa nyama kwa waya au bomba la mabati, yaani chuma kilichopakwa zinki ili kisishike kutu. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na ikizidi kupata joto inatoa moshi unaoleta homa na kubana kifua. Nondo tupu zilizosuguliwa vizuri zinafaa, na chuma cha pua kinafaa zaidi kama mfuko unaruhusu. Vyuma vya zamani vilivyopakwa rangi vichomwe na kusuguliwa mpaka rangi yote itoke kabla nyama haijaguswa.

Pa kuulizia

Usianzie kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Pale utaelekezwa kwa mwashi aliye karibu, si kwa anayefaa. Anzia kwenye moto unaowaka tayari.

Nenda kwenye shule za bweni na vituo vya misheni ambako kuna majiko makubwa ya matofali au matanuri ya mikate. Mwombe mpishi akuonyeshe jiko, umuulize nani alijenga na limewaka miaka mingapi. Mpishi ndiye shahidi wa kweli, kwa sababu ndiye anayeumwa macho moshi ukirudi. Majiko ya namna hiyo yanapungua sasa, kwani Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na taasisi kubwa zimetangulizwa. Mafundi waliojenga majiko ya taasisi bado wapo na ujuzi wao. Watafute.

Nenda Benaco, Rusumo, Kabanga, Lusahunga, popote malori yanaposimama. Keti, agiza nyama, utazame jiko. Muulize mchomaji kinachomsumbua: majivu yanajaa? wavu unapinda? mvua inaingia? Utapata somo bure, na mara nyingi jina la fundi.

Kwa tanuri la moshi, safari ya ziwani inalipa. Biharamulo yenyewe ilifika hadi Ziwa Viktoria kabla Chato haijamegwa kuwa wilaya, na biashara ya samaki haikujali mpaka huo mpya. Mwalo wa Kasenda, huko Chato, una watu wanaobanika samaki kila siku. Anayetaka mafunzo rasmi ya uchakataji wa samaki anaweza kuwaandikia Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, kwenye kampasi yao ya Nyegezi, Mwanza.

Na kuna VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Inafundisha uashi na uchomeleaji, na pia ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani. Cheti ni jambo jema, lakini kwa kazi hii nisingekitanguliza. Mimi ningemchukua fundi asiye na cheti ambaye jiko lake limewaka mvua mbili na kiangazi kimoja bila ufa mkubwa, nikamwacha mwenye cheti ambaye hajawahi kujenga kitu cha kuwashwa.

Maswali ya kumpima fundi

Mkikutana, msalimie, muulize habari za kazi, kisha mpe nafasi aeleze mwenyewe. Usimfundishe jibu. Maswali haya yananitosha:

- Fundi, pale makaa yanapokaa utaunganisha matofali kwa kitu gani, na kwa nini?
- Hewa itaingia wapi, na majivu nitayatoa wapi?
- Jamvi la kukalia moto utalifanyaje lisipasuke?
- Jiko lipi ulilojenga naweza kwenda kuliona leo?
- Likipasuka mwezi wa pili utafanya nini?

Swali la tatu linawaangusha wengi. Zege tupu chini ya makaa linapasuka, mara nyingine kwa kishindo, kwa sababu unyevu uliojificha ndani unageuka mvuke na kukosa pa kutokea. Fundi anayejua atakwambia ataweka juu ya jamvi tabaka la mchanga mkavu au majivu, kisha matofali ya kuchoma yaliyolazwa bila saruji, ili yatanuke na kurudi yatakavyo. Ukisikia jibu hilo, au linalokaribiana nalo, umefika.

Akisema atatumia mawe ya mlimani, yale meupe yanayometa ambayo Ngara tunayo kila kilima, mkatalie kwa sehemu ya moto. Mawe hayo yanatanuka ghafla joto likikaribia nyuzi 573 na kuchanika. Mawe ya mtoni ni hatari zaidi, yana maji ndani. Kwenye msingi na kuta za nje ni sawa kabisa.

> Kwa ufupi mpaka hapa. Jiko la kuchomea na tanuri la moshi ni vitu viwili, hata vikijengwa ukuta kwa ukuta. Matofali yachaguliwe kwa sauti na kwa maji. Udongo wa kichuguu mahali pa moto, saruji kwenye msingi na nje. Fundi apimwe kwa jiko lake la zamani.

Hesabu ya matofali

Matofali ya mabondeni hayana kipimo kimoja, kila mwenye fremu ana yake. Kwa hiyo pima tofali utakalonunua kabla ya kuhesabu. Tuseme lako lina urefu wa sentimita 23, upana 11 na kimo 7, na kiungo cha udongo ni sentimita moja na nusu. Mita moja ya mraba ya ukuta wa unene wa tofali moja lililolazwa kwa urefu inakula matofali 48 hivi.

Jiko la kuchomea la familia lenye ukuta wa nyuma wa mita 1.2, kuta mbili za pembeni za sentimita 80 kila mmoja, na kimo cha sentimita 90, lina mita za mraba 2.5. Hayo ni matofali 120. Mimi ningeshauri ukuta wa unene maradufu kwenye sehemu ya makaa, kwa sababu unatunza joto na haumuunguzi mtoto akiuegemea. Ongeza na ya jamvi na yatakayovunjika njiani: panga 250 kwa jiko, na mengine kiasi hichohicho kwa tanuri la moshi na dohani yake fupi. Wavu ukae kati ya sentimita 20 na 30 juu ya makaa; ukiweza, acha ngazi mbili za kuuegesha ili mchomaji apandishe na kushusha.

Dohani isiwe ndefu kwa ajili ya fahari. Tarehe 10 Septemba 2016 mkoa wetu ulitikiswa na tetemeko la kipimo cha 5.9, na wengi wanakumbuka jinsi kuta za matofali zisizofungwa kwa nondo zilivyolala chini, hasa upande wa Bukoba. Dohani ya matofali inayosimama peke yake ni kitu cha kwanza kuanguka. Ifungwe kwenye mwili wa tanuri, isipite mita mbili, na isimame mbali na mahali watoto wanapochezea. Kama nyumba au banda la jirani limeezekwa kwa nyasi, sogeza kabisa. Keti uwanjani jioni mbili tatu uangalie moshi wa jikoni unaelekea wapi, kisha uweke jiko mahali ambapo moshi hautaingia dirishani mwako wala kwa jirani. Na hata kiangazi kikiwa na baridi ya Ngara, usilihamishie wazo hili ndani ya chumba kilichofungwa: mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua waliolala.

Kuni za moshi

Nitapita haraka. Moshi mzuri unatoka kwenye mti mgumu uliokauka: mkahawa wa zamani uliong'olewa, mpera, mwembe, mparachichi. Mkulima wa kahawa akipogoa shamba lake, muombe matawi hayo kabla hayajaozea. Misonobari ina utomvu, inachafua chakula kwa masizi na ladha chungu. Mabaki ya mbao zilizopakwa rangi au nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa ni sumu kabisa, yasikaribie chakula. Na tuwe waangalifu na kiasi. Wale waliokuwepo Ngara mwaka 1994, wakimbizi laki mbili na zaidi kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 na kambi za Benaco zikajaa, waliona vilima vizima vikigeuka vipara kwa ajili ya kuni za kupikia. Tanuri linalobana joto vizuri ni namna moja ya kuheshimu miti iliyobaki.

Mapatano

Usimpe fundi hela zote kwa sababu ni mtu wa kanisani kwenu au ni shemeji. Undugu unaharibika hapo. Andikeni karatasi moja, Kiswahili chepesi, yenye vipimo, nani ananunua nini, nani analeta maji na udongo, kazi iishe lini, na malipo kwa hatua. Saidia fundi atalipwa na nani, liandikeni pia, maana hapo ndipo magomvi mengi yanapoanzia. Mwenyekiti wa kitongoji akiwa shahidi ni vizuri.

Malipo yangu yangekuwa hivi: sehemu ya kwanza msingi ukiisha, ya pili kuta zikifika kwenye wavu, ya tatu tanuri la moshi likifunikwa. Sehemu ya nne, isiyopungua robo ya ufundi wote, inasubiri moto wa majaribio. Vifaa nunua mwenyewe ukiwa na fundi, ili kila mmoja aone bei.

Moto wa majaribio

Udongo mbichi hautaki haraka. Liache jiko likauke majuma mawili au matatu, limefunikwa dhidi ya mvua lakini hewa ikipita. Kisha washa moto mdogo wa vijiti, saa moja tu, uuache uzime. Kesho yake uongeze kidogo. Siku nne au tano hivyo. Utaona mvuke ukitoka kwenye viungo, na nyufa nyembamba kama unywele zitajitokeza. Hizo ni za kawaida, zizibe kwa uji wa kichuguu. Ufa unaopitisha sarafu ni kasoro, na fundi arudi.

Siku ya mwisho mwite fundi awepo. Washeni makaa kwenye chumba cha moto, kisha tupeni juu yake konzi ya nyasi mbichi na kufunga mlango. Moshi mzito utawaonyesha kila tundu. Ukitoka kwenye dohani peke yake na kidogo pembezoni mwa chanja, kazi ni njema. Ukirudi mlangoni, dohani ina baridi au ni nyembamba: choma karatasi ndani yake ipate joto na mjaribu tena, na ukiendelea kurudi, fundi aipanue. Kwenye jiko la kuchomea, kunjueni kiganja juu ya wavu makaa yakishakolea. Ukivumilia sekunde tatu au nne, linafaa kwa mishikaki. Ukifika nane, ndilo joto la paja la mbuzi.

Vipimo hivyo vikikubali, mlipe fundi salio lake siku hiyohiyo, na mpatane kabisa tarehe ya kiangazi kijacho atakayokuja kuziba nyufa kabla mvua hazijarudi.